Shajara ya jiko la mtumba: moto wa njano, nobu isiyokamata na pleti ya umeme

Jumamosi asubuhi

Jiko la dada yangu limeingia uani kwangu leo, limebebwa kwenye bajaji kutoka Mbagala. Ni jiko la mtumba la Ulaya, pleti tatu za gesi na moja ya umeme, chini lina oveni ya umeme. Kalinunua kwa ajili ya biashara yake ya vitafunwa na ndani ya muda mfupi limeanza kumsumbua. Malalamiko yake nimeyaandika kama alivyoyataja: "Mdogo wangu, sufuria zangu zote zimejaa masizi, gesi inaisha haraka mno, pleti ya katikati ukiachia kitufe inazima, afu kiwashio kinapiga tik tik tik hata kama hakuna aliyekigusa, na hiyo ya umeme nayo ikijisikia inapata moto ikijisikia haipati." Kwahiyo ni matatizo matano kwenye jiko moja na karibu yote ni yale yale yanayosumbua majiko ya watu wengi mtaani, ndo maana nimeamua kuandika hatua kwa hatua, anayetaka kufuata afuate.

Sijafungua kitu bado. Utaratibu wangu ni mmoja, naanza kwenye mtungi naifuata gesi inavyotembea: mtungi, regyuleta, mpira, bomba la ndani ya jiko, vali ya nobu (kile kitufe cha kuzungusha), nozeli (kipande kidogo chenye tundu gesi inapotokea), afu ndo bana, yani kile kichwa moto unapotokea. Watu wengi wanaanza na bana kwa sababu ndo inayoonekana, wanabadilisha spea za watu kumbe tatizo liko nyuma kabisa.

Mtungi ni wa kilo 15, na regyuleta yake ni ya presha ndogo, inatoa karibu milibaa 30, hiyo ndo sahihi kwa jiko la nyumbani. Angalieni sana hapa maana madukani zipo regyuleta za presha kubwa zenye kile kishikio cha kuzungusha, zile ni za majiko makubwa ya chini ya mama lishe na hoteli, ukiifunga kwenye jiko la nyumbani moto unaruka juu na vali za ndani hazikutengenezwa kwa presha ile.

Mpira sasa. Nimechanganya sabuni ya maji na maji kidogo kwenye kopo, nobu zote zimefungwa, nikafungua mtungi na kupaka povu kwa brashi kuanzia kwenye regyuleta mpaka nyuma ya jiko. Kwenye maungio ya nyuma povu likaanza kuvimba taratibu, mapovu madogo madogo yanazaliwa moja baada ya jingine. Hiyo ni gesi inavuja, na ilikuwa inavuja jikoni kwa dada yangu, na watoto wanalala chumba cha pili. Mpira umefungwa kwa waya wa kufungia mabati badala ya klipu, na mwishoni umepasuka nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka uukunje.

Nitaongea polepole hapa maana ndo sehemu inayoua. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inajaa sakafuni, chini ya kabati, pembeni ya kitanda, na ikifika kiasi cha asilimia 2 hivi ya hewa ya mahali pale inatosha kulipuka. Yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili tushtuke. Ukiisikia funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usichomoe friji kwenye soketi, toka nje. Na tafadhali sana msitafute uvujaji kwa kiberiti. Nimeshaona mtu mzima anafanya hivo na akanambia ndo njia ya haraka.

Mpira nimeutupa. Mpya nimenunua ule wa gesi wenyewe, umeandikwa mwaka uliotengenezwa ubavuni, na klipu mbili za kukaza kwa bisibisi. Nimerudia povu, hamna kitu. Nimesubiri nikarudia tena, hamna kitu.

Jumamosi mchana

Nimewasha pleti zote tatu. Moto ni mrefu, mlegevu, wa njano mpaka juu, unayumba, na sufuria niliyoweka maji imepata masizi kabla maji hayajachemka.

Moto wa gesi unatakiwa uwe wa bluu, mfupi, wenye ncha zilizosimama. Ukiwa wa njano maana yake gesi ni nyingi kuliko hewa inayochanganyika nayo, haiungui ikaisha, kile kinachobaki ndo masizi kwenye sufuria, na pamoja na masizi kunatoka kaboni monoksaidi ambayo haionekani wala hainuki na kwenye chumba kilichofungwa madirisha inamaliza watu. Kwahiyo masizi kwenye sufuria yasichukuliwe kama kero ya kusugua tu. Moto ukiwa kinyume chake, yani unanyanyuka umeachana na bana na unavuma, hapo hewa imezidi au presha ni kubwa mno.

Sababu ya kwanza ya moto wa njano ni uchafu, kwahiyo nimeanza nayo. Nimetoa vifuniko vya bana na vichwa vyake, nimeviloweka kwenye maji ya moto na sabuni, nimesugua kila kitundu kwa mswaki wa zamani. Vile vijitundu vimejaa mafuta ya maandazi yaliyokaukia, vingine vimeziba kabisa. Kwenye koo la bana moja kulikuwa na utando wa buibui, hiyo ni kawaida sana kwa jiko lililokaa stoo, mdudu anaingia kwenye lile bomba la kuvutia hewa na hewa inakosa njia. Nimekausha juani vizuri maana bana yenye maji nayo inatoa moto wa ajabu ajabu, nimerudisha kila kifuniko kikae sawa kwenye vishikio vyake.

Nimewasha. Sehemu moto ulipokuwa hautoki sasa unatoka pande zote, lakini bado ni wa njano, bado mrefu. Pleti zote tatu kwa pamoja. Kama pleti moja ndo ina shida, kosa liko kwenye pleti ile. Zikiwa zote zina shida ile ile, kosa liko kwenye kitu ambacho zote zinashirikiana.

Nikageuza jiko nikasoma karatasi ya nyuma. Imefifia lakini inasomeka: G20, 20 mbar.

Hiyo ndo siri yote ya hili jiko. G20 ni alama ya Ulaya ya gesi asilia, methani, ile inayokuja kwa bomba mpaka ndani ya nyumba. Gesi yetu ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, kwenye hizo karatasi zinaandikwa G31 na G30. Jiko hili lilikuwa linapika kwa gesi ya bomba huko lilikotoka, limepakiwa kwenye kontena, limefika Dar, likafungwa mpira wa mtungi na hakuna aliyebadilisha nozeli.

Sasa tofauti yake. Kwa ujazo ule ule, gesi ya mtungi ina joto mara mbili na nusu mpaka mara tatu ya methani. Methani inahitaji hewa ujazo kama kumi ili iungue vizuri, propani inataka kama 24, butani kama 31. Kwahiyo nozeli ya gesi asilia ina tundu kubwa, ukiipitisha gesi ya mtungi humo inatoka nyingi na nzito kuliko uwezo wa bana kuvuta hewa, matokeo ndo haya, moto wa njano, masizi, na mtungi unaisha haraka. Dada alikuwa anadhani anapunjwa kwenye kujaziwa gesi, kumbe ilikuwa inatokea kwenye nozeli.

Na hili halihusu majiko ya nje peke yake, hapa Dar zipo nyumba zilizounganishwa na gesi asilia, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na kuanza kuletwa mjini 2004, na jiko lililofungwa kwenye nyumba ya namna hiyo lina nozeli zake. Mtu akihama na jiko akalifunga mtungi yatamkuta haya haya. Na aliyetoka kwenye mtungi akaunga gesi asilia bila kubadilisha nozeli atapata moto mdogo wa kuchemshia chai tu.

Jumatatu

Gerezani, Kariakoo. Nimezunguka na nozeli za zamani mfukoni. Nozeli za jiko zina namba iliyogongwa kichwani na ile namba ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yani 65 ni milimita 0.65. Zangu zilikuwa 115 kwa pleti kubwa, 97 kwa ya kati na 72 kwa ndogo. Ninazotafuta kwa mtungi ni 85, 65 na 50.

Fundi mmoja, kijana mzuri tu na anajua kazi, akanambia, "Kaka, ya nini kuhangaika, niachie hizo hizo nizizibe kwa risasi nikutobolee upya." Nimemshukuru nikakataa. Risasi inayeyuka kwa joto dogo na nozeli inakaa chini ya moto, tena tundu la nozeli limechongwa likiwa limenyooka na laini ndani ili gesi itoke kwa mshale mmoja na kuvuta hewa nayo, ukitoboa kwa mkono likaenda upande mshale unagonga ukuta wa bana na moto unaharibika upya. Kutoka 97 kwenda 65 unaona kama tofauti ndogo lakini ukipiga hesabu ya eneo la tundu umepunguza zaidi ya nusu. Kitu kinachobadilika kiasi hicho kwa unywele mmoja hakifai kukisiwa.

Na kwa wanaosafisha nozeli zilizoziba, msitumie sindano wala pini. Nozeli ni shaba ya njano, laini, sindano ya chuma inalipanua tundu. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme laini, pitisha taratibu, puliza, basi.

Nozeli nimepata, duka la spea za majiko, seti nzima ya gesi ya mtungi. Bei yake ni ndogo kuliko kujaza mtungi mdogo.

Jumatano jioni

Kubadilisha ni kazi fupi. Mtungi umefungwa, mpira umechomolewa. Ukitoa kichwa cha bana unaona nozeli imekaa chini kabisa kwenye shimo, unaifungua kwa spana boksi namba 7, ukipaka grisi kidogo ndani ya spana nozeli inang'ang'ania na kutoka nayo bila kudondoka. Mpya unaianza kwa vidole mpaka ishike nyuzi, afu unakaza kwa kiasi, usitumie nguvu za tairi la lori.

Nimewasha. Bluu! Pleti zote tatu, mfupi, umesimama, hauna kelele. Ncha za njano zimebaki kidogo sana kwenye ile kubwa, zikapotea bana ilipopata joto. Nimemwita dada kwa video aone, amekaa kimya afu akasema, "Kumbe ndo moto wenyewe unakuwaga hivi." Amepika miezi yote hiyo kwenye moshi.

Hapa niseme kitu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mi naunga mkono kwa moyo wote kwa sababu nimemuona bibi yangu akikohoa jikoni kwenye kuni maisha yake yote. Lakini mitungi inagawiwa na majiko yanagawiwa, na elimu ya moto wa bluu na wa njano siisikii ikisemwa kwa nguvu ile ile. Jiko la gesi lenye moto wa njano kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha linarudisha hatari ile ile tuliyokuwa tunaikimbia, na safari hii huoni moshi wa kukushtua.

Alhamisi

Pleti ya kati, inayozima ukiachia nobu. Pembeni ya bana kuna vijiti viwili: kimoja cheupe cha kigae ndo kinachotoa cheche, kingine cha shaba ndo themokapo. Hii themokapo ni metali mbili tofauti zimeunganishwa kwenye ncha, ncha ikipigwa na moto inazalisha umeme mdogo sana, milivolti 20 mpaka 30, na umeme huo ndo unaoshikilia sumaku ndani ya vali ibaki wazi. Moto ukizimika kwa upepo au maji kufurika, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inajifunga yenyewe. Ndo maana unatakiwa ushikilie nobu sekunde kadhaa ukishawasha, unaisubiri ipate joto. Kuna watu wanaifunga nobu kwa raba au kuwekea kijiti ili isizime. Msifanye hivo jamani, mnaondoa kitu pekee kinachowalinda uji ukifurika usiku.

Ncha ilikuwa na masizi manene. Nimesugua kwa msasa laini mpaka imeng'aa, nimewasha, nimeshikilia, bado inazima. Basi nikafanya jaribio la kubadilishana: themokapo ya pleti ndogo inayofanya kazi nimeichomeka kwenye vali ya pleti ya kati nikaipasha ncha kwa moto. Vali ikashika. Kwahiyo vali na sumaku ni nzima, mbovu ni themokapo. Kama vali isingeshika hata kwa themokapo nzima basi ningejua sumaku ndo imekufa. Jaribio hili halina gharama na linakuzuia kununua kitu usichokihitaji. Themokapo mpya inabidi iwe na urefu ule ule na aina ile ile ya kichomekeo, nimeifunga ncha yake ikiwa ndani ya moto kabisa, sio pembeni. Inashika vizuri.

Ijumaa

Kiwashio kinachopiga cheche chenyewe. Hii fupi. Nyuma ya kila nobu kuna kiswichi kidogo, vyote vimeungwa kwenye waya mmoja kwenda kwenye boksi la cheche, kimoja kikinata basi pleti zote zinapiga cheche. Nimechomoa plagi ukutani, nimetoa nobu, kiswichi cha pleti kubwa kimeganda kwa shira ya kaimati iliyotiririka. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nimekikausha siku nzima, kimenyamaza. Kama lako limeanza kupiga baada ya kuosha jiko, ni maji tu, liache likauke kabla hujaita fundi. Na kama halitoi cheche kabisa, angalia kwanza kile kijiti cheupe, kikipasuka ufa cheche inaruka pembeni badala ya kwenda kwenye bana.

Jumapili

Pleti ya umeme. Plagi nje, na nimesubiri nikapima kwanza kuhakikisha hakuna umeme. Ile pleti ya chuma nzito ndani yake ina koili tatu, swichi ya namba 1 mpaka 6 inaziunga kwa namna tofauti, mara moja peke yake, mara zote pamoja. Kwahiyo pleti inayopata moto kwenye namba fulani na kukataa nyingine mara nyingi ina koili moja isiyopata umeme. Nimepima kwa mita koili zote, zote zinasoma, na kati ya kila koili na bodi ya chuma ya jiko hamna mguso, maana yake haipigi shoti. Pleti nzima. Kosa nimelikuta nyuma ya swichi, kichwa cha waya mmoja kimeungua, cheusi, kinacheza, kinagusa na kuachia. Ndo ile ikijisikia inapata.

Nimekata sehemu iliyoungua mpaka kwenye shaba safi, nimeweka kichwa kipya na waya wa kuvumilia joto, ule wenye ganda la silikoni. Waya wa kawaida wa nyumbani haufai humo, ganda lake ni la nyuzi 70 hivi, chini ya jiko litayeyuka. Waya wa ethi nao nimeukaza kwenye bodi, ulikuwa umelegea.

Sasa plagi. Ni ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13 na upande mmoja plastiki imeanza kuyeyuka. Hesabu: pleti ni wati 1500, oveni wati 2000, ukiwasha vyote ni 3500, gawanya kwa volti 230 unapata ampia 15 na kitu. Plagi ya 13 haiwezi kubeba hiyo kila siku ya biashara. Nimeweka plagi mpya yenye kukaza vizuri lakini dawa kamili ni laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye swichi ya jiko, na hiyo kazi mi siifanyi, anafanya fundi umeme mwenye leseni.

Jumapili usiku

Nimebakiza moto mdogo. Ukibadilisha nozeli unatakiwa urekebishe na ule moto wa chini, ndani ya kila vali kuna kiskrubu kidogo unakifikia kwa bisibisi nyembamba ukitoa nobu. Kwa gesi ya mtungi vingi vinakazwa mpaka mwisho, kwa gesi asilia vinalegezwa. Hivi vilikuwa vimelegezwa, nimevikaza. Afu jaribio: washa moto mkubwa, zungusha haraka mpaka mdogo, funga mlango wa kabati kwa nguvu karibu na jiko. Moto usizimike. Pleti zote zimepita.

Povu mara ya mwisho kwenye kila maungio, hamna kitu.

Jiko linarudi Mbagala kesho. Nimembandikia dada karatasi ubavuni kwa herufi kubwa: PLETI YA UMEME NA OVENI VISIWASHWE PAMOJA, mpaka fundi umeme avute laini. Nimeelewana naye aje Jumamosi, ampimie na ethi ya nyumba nzima kabla ya kuunga.